Kuitaja Takriri Si Kuichambua

"Mwandishi ametumia tamathali za semi kama tashbihi, sitiari, tashihisi na takriri ili kuelimisha jamii." Sentensi hii huandikwa kwenye karatasi za majibu ya Kiswahili kuanzia Kongwa hadi Kondoa, na mwakani itaandikwa tena. Sarufi yake ni safi na istilahi zake ni sahihi. Kasoro ni kwamba inafaa riwaya yoyote, tamthiliya yoyote, tangazo la sabuni, hata hotuba ya mgeni rasmi kwenye mahafali. Anayeiandika hajalazimika kufungua kitabu.

Chanzo chake kinajulikana. Kwenye steshenari yoyote iliyo jirani na shule au chuo hapa Dodoma unapata madesa, yaani muhtasari wa kukariri, yenye jedwali la safu mbili. Kushoto kuna jina la tamathali, yaani mbinu ya lugha, kulia kuna kazi yake: takriri (kurudia neno) ni kusisitiza, tashihisi (kukipa kisicho mtu tabia ya mtu) ni kuvuta hisia, swali la balagha (lisilosubiri jibu) ni kumfikirisha msomaji, tafsida ni kupunguza ukali. Mwanafunzi analikariri jedwali, anaingia nalo kwenye mtihani, na jibu linakuwa tayari kabla swali halijasomwa. Jedwali lenyewe lina nusu ya ukweli, ndiyo maana ni gumu kuling'oa. Takriri inasisitiza, sawa. Lakini mama anayembembeleza mtoto hurudia neno, mwenye kejeli hurudia sifa asizoziamini, na msemaji aliyeishiwa hoja hurudia ili muda upite. Wote watatu wametumia takriri, na kila mmoja ana lake.

Msimamo wa makala haya ni kwamba hakuna tamathali yenye kazi ya kudumu. Kazi yake hujulikana pale ilipokaa, kwa yule inayemlenga, na kwa kulinganishwa na maneno ambayo mwandishi angeweza kuyatumia akaamua kuyaacha. Kwa hiyo uchambuzi unaanza kwenye maneno mawili: "badala ya". Ichukue sentensi unayoishuku. Iandike upya kwa maana ileile, ukiwa umeiondoa mbinu hiyo. Zisome zote mbili kwa sauti. Kama hujapoteza kitu, mbinu hiyo ni pambo tu na haihitaji aya nzima. Kama kuna kitu kimepotea, hicho kilichopotea ndicho kazi ya mbinu, nacho ndicho cha kuandika.

Tulijaribu hilo kwenye maandishi ambayo karibu kila Mtanzania wa makamo ameyasikia. Azimio la Arusha, tamko la TANU la ujamaa na kujitegemea, lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na katika sehemu ya siasa ya kujitegemea kuna kifungu kifupi kilichojengwa kwa vitenzi vitatu: kuonewa, kunyonywa, kupuuzwa. Vitenzi hivyo vinapita mara tatu. Kwanza vinakuja katika hali timilifu (tumeonewa, tumenyonywa, tumepuuzwa), kila kimoja kikifuatwa na "kiasi cha kutosha". Kisha vinatajiwa chanzo. Mwisho vinakanushwa: tusionewe, tusinyonywe, tusipuuzwe tena.

Mwenye madesa ataandika "takriri, ya kusisitiza" na kuhamia swali linalofuata. Sasa andika hivi: "Wakoloni walituonea, walitunyonya, walitupuuza." Takriri ipo, utatu wa vitenzi upo, mahadhi yapo. Kilichoondoka ni pengo. Katika Azimio vitenzi vyote vimebeba -w- ya kutendwa, na pale ambapo mtu angetarajia kusikia "na fulani" hakuna mtu. Msikilizaji wa mwaka 1967, miaka mitano na ushei tu baada ya Uhuru, alikuwa na jina tayari mdomoni. Azimio halimpi jina hilo. Linasema kilichotufanya tuonewe ni unyonge wetu.

Hapo ndipo nia inapoonekana. Anayetaja mkoloni anampa msikilizaji mtu wa kumchukia, na mkoloni mwenyewe ameshaondoka. Anayetaja unyonge anampa msikilizaji kitu ambacho bado yuko nacho nyumbani na ambacho anaweza kukifanyia kazi. Kurasa zinazofuata zinathibitisha: zinazungumzia ardhi, kilimo, juhudi na maarifa, na zinaonya dhidi ya kuifanya fedha na misaada ya nje kuwa msingi wa maendeleo. Takriri ile haikuwekwa kusisitiza maumivu tu. Imewekwa ili vitenzi vilevile vilivyobeba malalamiko vije kubeba azma, bila kumtwisha msikilizaji neno hata moja jipya. Kwa maandishi yaliyokusudiwa kuwafikia wananchi, ambao wengi wao wakati huo hawakujua kusoma, huo ni uamuzi wa kiufundi kabisa.

Angalia pia ushahidi umetoka wapi. Haukutoka kwenye orodha ya tamathali. Umetoka kwenye kiambishi. Hili ni eneo ambalo ufundishaji wetu umeligeuzia mgongo: sarufi inafundishwa Jumatatu na fasihi Jumatano, kana kwamba ni masomo mawili, wakati ushawishi mwingi wa Kiswahili umejificha ndani ya kitenzi.

Kauli ileile ya kutendwa iliyotumika kwenye Azimio kuandaa uwajibikaji, kwingine hutumika kuukwepa. Na ikionekana haitoshi, ipo kauli ya kutendeka, ambayo ni hodari zaidi. Soma sentensi ya aina hii kutoka kwenye taarifa ya mradi wa kisima: "Fedha zilitumika, pampu iliharibika, wananchi waliathirika." Hakuna uongo hapo. Lakini jaribu kumwingiza mtu. "Pampu iliharibiwa na fundi" inasemeka. "Pampu iliharibika na fundi" haisemeki. Kiambishi -w- kinamficha mtenda lakini kinaruhusu umuulize. Kiambishi -ik- hakina hata nafasi ya kumweka. Mwandishi anayepanga vitenzi vitatu vya -ik- mfululizo katika sentensi moja kuhusu fedha za umma, ama hana habari ya anachokifanya, ama anayo nyingi sana.

Ndugu yake ni "bei imepanda". Kwa kipimo cha madesa hii ni tashihisi: bei haina miguu. Hakuna anayeihesabu kwa sababu imezoeleka, na mazoea hayo ndiyo nguvu yake. Mfanyabiashara wa Soko la Majengo akisema "mchele umepanda", bei imejipandisha yenyewe. Akisema "nimepandisha mchele", itabidi ajieleze. Mtu hahitaji kuwa mwanafasihi ili achague sentensi ya kwanza.

Vyombo vya habari navyo vina silaha yao, nayo ni kitenzi cha kunukuu. Mkazi wa Nzuguni ametoa kauli kwamba maji hayajatoka wiki mbili. Mwandishi wa habari anaweza kuandika kwamba mkazi huyo alisema, alieleza, alibainisha, alidai, alilalamika au alikiri. Maneno ndani ya nukuu hayabadiliki hata herufi. Lakini "alibainisha" inamkubalia msomaji kwamba jambo ni kweli na lilikuwa halijaonekana tu. "Alidai" inamwambia asubiri upande wa pili. "Alilalamika" inahamisha macho kutoka kwenye bomba kwenda kwenye tabia ya msemaji. "Alikiri" ingekuwa kituko hapa, kwa kuwa kukiri ni kwa mwenye kosa. Chukua habari moja, zungushia duara kila kitenzi cha kunukuu, kisha upande wa pili andika ni nani amepewa kipi. Mara nyingi utakuta ofisa "amefafanua" na mwananchi "amedai" kuanzia aya ya kwanza hadi ya mwisho. Mpangilio huo ukijirudia habari baada ya habari, umeshapata msimamo wa chombo chenyewe bila kusoma tahariri yake.

Majina ya matukio hufanya kazi hiyohiyo kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo walipotolewa pembezoni mwa barabara katika miji mbalimbali, zoezi liliitwa "kuwapanga wamachinga". Wengine walisema "wamehamishwa", wengine "wamefukuzwa". Kupanga kunadokeza kwamba kulikuwa na vurugu na sasa kuna utaratibu. Kuhamisha kunadokeza mahali pa kwenda. Kufukuza hakudokezi chochote isipokuwa fimbo. Kusema kwamba neno la kwanza ni tafsida ni sahihi, ila uchambuzi haujaanza. Unaanza pale unapouliza neno lile linataka msikilizaji asifikirie nini.

Ushawishi mtupu, usiojificha nyuma ya sanaa, unapatikana bure kwenye matangazo ya viwanja. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa nguvu mwaka 2016, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, matangazo haya yamekuwa fasihi ya mtaani. Hili tumelitunga wenyewe kwa misemo inayojirudia kwenye mengi:

"VIWANJA! VIWANJA! Dakika 15 tu kutoka Mji wa Serikali. Wenzako wameshajenga, wewe unasubiri nini? Vimebaki 7. Ofa inaisha Ijumaa. Hati ipo kwenye mchakato. Karibu ofisini, soda ipo."

Anza na dakika. Kwa nini dakika badala ya kilomita? Kwa sababu dakika hazina mwendo uliotajwa. Ukienda kilomita 40 kwa saa, dakika 15 ni kilomita 10. Ukienda 80, ni kilomita 20. Barabara ya vumbi baada ya mvua ya Januari haikupi hata hizo 10. Namba ipo, imekaa kama kipimo, lakini haipimi. Kisha "tu". Kaneno kadogo hako kanakuhukumia kabla hujaamua kama dakika 15 ni nyingi au chache.

"Wenzako" ni neno la kukaa nalo. Lingeweza kuwa "watu wengi wameshajenga". Watu wengi hawakuhusu; wenzako ni wa rika lako, mliomaliza shule pamoja, mnaokutana kwenye vikao vya harusi. Kiambishi -mesha- kinaongeza kwamba jambo limekwisha na wewe umebaki nyuma. Swali linalofuata halisubiri jibu. Madesa yanasema swali la balagha humfikirisha msomaji. Hapa kazi yake ni kinyume, ni kumzuia asifikiri, maana kusubiri kumeshageuzwa kuwa aibu. "Vimebaki 7" na "inaisha Ijumaa" zinabana muda kwa namna hiyohiyo, na hakuna anayesema vilikuwa vingapi mwanzoni wala Ijumaa ijayo kutakuwa na nini.

Halafu "Hati ipo kwenye mchakato". Nani anaichakata? Imefika hatua gani? Ilinganishe na sentensi ambayo muuzaji angeweza kuiandika kama anayo: namba ya kitalu, namba ya kiwanja, ukubwa kwa mita za mraba, matumizi yaliyoidhinishwa kama ni makazi au biashara, na kama hatimiliki itakuwa ya miaka 33, 66 au 99. Hizo taarifa tano zingejaa kwenye mstari mmoja. Hazipo, na soda ipo.

Tangu Aristotle, karne ya 4 kabla ya Kristo, balagha, yaani taaluma ya ushawishi wa maneno, imegawa ushawishi katika njia tatu: hadhi ya msemaji, hisia za msikilizaji na mantiki ya hoja. Tangazo letu limeazima hadhi ya Serikali kwa kusimama jirani nayo, limejaza hisia, na limeacha nafasi ya tatu tupu. Mgawanyo huu una faida moja kubwa kwa msomaji wa kawaida: unaonyesha njia ipi haikutumika. Lakini tusivuke mpaka. Inawezekana viwanja ni halali, vimepimwa, na muuzaji ni mwaminifu. Ushawishi si uongo, na anayefundisha wanafunzi kwamba kila mbinu ya ushawishi ni utapeli anawafanya wawe na shaka na kila kitu, pamoja na daktari anayewasihi wamalize dozi.

Turudi kwenye fasihi yenyewe, kwenye ubeti uliotungwa kwa ajili ya makala haya. Mkulima wa zabibu anasema:

Zabibu zetu twalima, jua kichwani lawaka,
Maji twateka kisima, ndoo begani twatweka,
Mnunuzi akipima, mizani yake hucheka,
Hivi nani atasema, kwamba sasa tumechoka?

Umbo lake halina ugumu: mizani (silabi) 16 kila mshororo, 8 kwa 8, vina vya kati -ma na vya mwisho -ka. Mwanafunzi wa kidato cha tatu atayataja hayo, ataongeza tashihisi kwenye "mizani hucheka", swali la balagha kwenye kituo, na kumalizia kwamba dhamira ni unyonyaji wa mkulima. Yote ni sahihi. Ni orodha.

Tazama watenda. Mishororo miwili ya mwanzo, ukiliacha jua, ina "sisi" watupu: twalima, twateka, twatweka. Katika wa tatu mtenda anabadilika, na ni mmoja dhidi ya wengi. Lakini huyo mnunuzi anafanya kitendo kimoja tu kisicho na hatia, anapima. Anayecheka ni mizani yake. Badilisha: "Mnunuzi akipima, moyoni mwake hucheka." Hesabu ya silabi inakubali, kina kinakubali. Ila sasa mshairi ametoa shutuma ambayo hawezi kuithibitisha, maana moyo wa mtu hauonekani. Mizani inaonekana. Kila mkulima aliyewahi kusimama mbele ya sindano isiyotulia anajua kicheko hicho ni kipi, na mnunuzi hana pa kujitetea kwa kuwa kicheko hakikutajwa kuwa chake. Tashihisi hapa ni njia ya kushtaki bila kuitwa mbele ya baraza la kata.

Kisha nani anaambiwa? Si mnunuzi, yeye anazungumziwa, haambiwi. "Nani atasema" inaelekezwa kwa wenzake waliotajwa kwa "tu-". Kwa hiyo lengo la ubeti si kueleza kwamba mkulima ananyonywa, kwa sababu wanaoambiwa wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lengo ni kumtafuta wa kusimama. Ubeti huu ungesomwa kwenye mkutano wa chama cha ushirika ungefanya kazi moja. Ungechapishwa gazetini ungefanya nyingine, ya kumtia haya msomaji wa mjini.

Na kuna ambalo ubeti haulisemi. Zabibu huharibika haraka baada ya kuchumwa, na mnunuzi hubeba hasara ya njiani pamoja na gharama ya usafiri. Mshairi hakulazimika kuliweka hilo. Mchambuzi analazimika kuliona, kwa sababu kimya cha mwandishi nacho ni uamuzi. Hii ndiyo tofauti ya kuchambua na kushangilia: unaweza kukubaliana na shairi kwa moyo wote na bado ukaonyesha lilivyopanga ushahidi wake.

Baada ya hapo aya ya majibu hujiandika. Badala ya "ametumia tashihisi kuvuta hisia", mwanafunzi anaandika: "Katika mshororo wa tatu mshairi anaipa mizani uwezo wa kucheka badala ya kumtaja mnunuzi kuwa anawacheka wakulima. Kwa njia hii anaonyesha udanganyifu wa kipimo bila kumtuhumu mtu moja kwa moja, jambo linalowafaa wakulima ambao msimu ujao watamhitaji tena mnunuzi huyohuyo." Ni sentensi mbili. Zina mahali, zina "badala ya", zina sababu iliyotoka kwenye maisha ya wahusika. Nukuu isizidi mshororo mmoja. Anayenukuu ubeti mzima kwa kawaida anajaza karatasi.

Kwa nia ya mwandishi, orodha ya kuelimisha, kuburudisha, kuonya na kukosoa ifungiwe kabatini. Ni vichwa vya mafaili, si majibu. Mwanafunzi ajaze sentensi hii: mwandishi anataka nani, aamini au afanye nini, kuhusu jambo gani, na ndiyo maana amechagua nini badala ya nini. Sehemu ya kwanza ndiyo inayowashinda wengi. "Jamii" si jibu. Jamii ni pamoja na mnunuzi, mkulima, ofisa ugani na mtoto wa darasa la pili, na hakuna maandishi yanayowataka wote wafanye jambo moja. Ukiona sentensi yako ya nia inaweza kuhamishiwa kwenye kitabu kingine cha orodha ya vitabu teule bila kubadilisha neno, ifute.

Makosa mengine ni madogo lakini yanagharimu alama. Si kila "kama" ni tashbihi: "kama mvua ikinyesha" ni sharti, "anafanya kazi kama mwalimu" ni cheo chake. Tashbihi inahitaji vitu viwili vya aina tofauti na sifa inayoviunganisha. Kosa kubwa zaidi ni kumchanganya msimulizi na mwandishi. Mhusika mlevi akisema wanawake hawana akili, hiyo ni kauli ya mlevi. Msimamo wa mwandishi unatafutwa kwenye kile kinachompata mlevi huyo, nani anampinga, na nani anapewa neno la mwisho. Simulizi ya nafsi ya kwanza ndiyo mtego mkubwa, kwa sababu "mimi" wa hadithi anaongea kwa kujiamini na msomaji anasahau kwamba ametungwa. Kejeli nayo, ikiwa imeandikwa, haina sauti wala uso. Itafute pale sifa zinapozidi ushahidi: mtu anaitwa mchapakazi wa mfano, lakini kila kitendo anachoonyeshwa akikifanya ni kukaa.

Walimu watasema muda hautoshi, na wana haki. Kipindi ni dakika 40, darasa limejaa, na nakala za kitabu ni chache. Lakini njia hii haihitaji kitabu kizima. Inahitaji kifungu cha maneno 100 hadi 150 kilichoandikwa ubaoni. Dakika 5 za kwanza kisomwe kwa sauti mara mbili, bila kalamu. Dakika 10 wanafunzi wazungushie watenda wote na kuandika pembeni nani hakutajwa. Dakika 15 wachague sehemu mbili tu, si saba, na kuziandika upya kwa kuondoa mbinu. Zinazobaki ni za kuandika sentensi ya nia na kusomeana. Kinachoharibu zoezi kwa kawaida ni mwalimu kutaja jina la tamathali mapema. Likishatajwa, darasa linaacha kutazama kifungu na kuanza kulitafuta jedwali kichwani. Jina lije mwisho, likiwa ni lebo ya kitu ambacho wameshakiona.

Na sisi wa Dodoma tuna hazina ambayo mikoa mingine inaiona kwenye runinga tu: Bunge. Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, zile zinazoitwa Hansard, zinapatikana mtandaoni, na waandishi wake wana desturi nzuri ya kuweka kwenye mabano "(Makofi)" na "(Kicheko)" pale vilipotokea. Hakuna kitabu cha fasihi kinachokuonyesha mahali hasa ambapo mbinu ilimgusa msikilizaji. Hansard inakuonyesha. Chukua kurasa mbili za mjadala wa bajeti, ambao hufanyika kati ya Aprili na Juni, pigia mstari sentensi iliyotangulia kila "(Makofi)", kisha uzipange: ngapi zina namba, ngapi zina methali, ngapi zinataja jimbo la msemaji, ngapi ni shukrani kwa kiongozi.

Utagundua haraka kwamba kila sentensi inaelekezwa kwa "Mheshimiwa Spika" au anayeongoza kikao kwa niaba yake, kwa sababu Kanuni za Bunge zinataka hivyo, wakati msikilizaji halisi anaweza kuwa waziri aliyekaa mbele, wabunge wa upande wa pili, au mpiga kura aliye kijijini na redio yake. Zipo hotuba ambazo msikilizaji anabadilika katikati ya sentensi. "Naunga mkono hoja" nayo isipite hivihivi. Ikitangulia mwanzoni, humpa msemaji kinga ya kukosoa kwa uhuru aya nzima zinazofuata. Ikiwekwa mwisho baada ya ukosoaji mkali, hupooza. Badilisha mahali pake uone hotuba inavyogeuka. Tahadhari moja: makofi ni ya waliomo ukumbini. Sentensi iliyoshangiliwa na benchi la chama inaweza kupita bila kusikika Mpwapwa, na iliyopokewa kwa kimya ukumbini ikawa ndiyo inayorudiwa kijiweni wiki nzima. Kwa hiyo mwanafunzi aandike pia sentensi moja ambayo haikupigiwa makofi lakini anadhani ilimlenga mtu wa nje, na aeleze ni neno gani lililomfanya adhani hivyo.